Aliyenipiga Kweli

Siku hiyo tulikuwa wanane ndani ya stoo. Alikuwepo Sensei Mutiso, mwalimu wetu wa karate, ambaye siku za kazi alichomelea mageti kando ya barabara ya Namanga. Alikuwepo Onyango, mwenye mkanda wa kahawia, mkubwa wetu sote baada ya Sensei. Abdi, ambaye mama yake aliuza vitambaa karibu na stendi. Karanja mnene, aliyeletwa karate na daktari ili apunguze uzito. Nashipae, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Bisil. Ndugu yangu Njoroge, mwenye miaka kumi, na dada yangu Mumbi, mwenye mitano, wameketi juu ya gunia la pumba wakigawana hindi moja la kuchoma. Na mimi, Wairimu, mwenye miaka kumi na sita na mkanda wa bluu. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja aliona nilichofanya, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nilikifanya.

Mwaka huu duka la vyakula vya mifugo limefunguliwa chini ya nyumba ninayopanga. Asubuhi wakifungua mapipa ya molasi, harufu yake tamu, nzito, inapanda ngazi na kuingia mpaka kwenye mablanketi. Wapangaji wenzangu wamelalamika kwa mwenye ploti mara mbili. Mimi silalamiki. Nafunga dirisha na kukaa kitandani kidogo mpaka mikono iache kukaza yenyewe, kwa sababu stoo yetu ilinuka hivyo hivyo, na mikono yangu haijui kwamba sasa ni ya mtu mzima.

Nyinyi wa rika langu mtaikumbuka Kitengela ya wakati ule. Palipojaa maghorofa leo palikuwa nyasi na vigingi. Nyumbu walitoka mbugani wakala mpaka nyuma ya kanisa. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikuvua kiatu na kukaa nacho. Stoo ilikuwa ya mzee mmoja wa chakula cha ng'ombe, naye alimpa Sensei nusu ya nafasi kwa sababu Sensei alimtengenezea mlango na hakumdai kitu. Tulifika saa moja asubuhi, tukanyunyiza maji, tukafagia, tukasukuma magunia ukutani, tukafukuza panya. Kisha tulisimama kwa mstari, wakubwa kulia, wadogo kushoto, tukainamisha vichwa mbele. Mbele hapakuwa na bendera wala picha. Palikuwa na magunia ya dairy meal. Karanja alikuwa akisema sisi ndio watu pekee duniani wanaopigia saluti chakula cha ng'ombe.

Nilianza nikiwa na miaka tisa. Gi yangu, ile suti nyeupe, mama aliishona mwenyewe kwa kitambaa cha mashuka, na kila Ijumaa niliiloweka kwenye maji ya bluu ili ing'ae. Nilikuwa mtoto wa kung'ang'ana. Wengine walipiga push-up ishirini kwa ngumi juu ya simiti. Mimi nilipiga thelathini nikaenda nyumbani na vidole vyenye magamba.

"Wairimu, hivyo vidole utavivalisha pete gani?" mama aliniuliza akivipaka mafuta.

"Mwache," baba alisema. "Mwizi akija tutamtuma yeye mlangoni, sisi tuendelee kulala."

Kitu nilichokipenda zaidi, nikieleza leo watu wananitazama vibaya, ni upepo. Kwenye karate yetu ngumi ya usoni haikuruhusiwa kugusa. Unaitupa kwa nguvu zako zote, halafu unaisimamisha upana wa kidole kabla ya ngozi. Mtu akijua kuitupa, unausikia upepo wake kwenye kope. Macho yanafumba yenyewe. Onyango alikuwa na upepo wa kunyoosha nyusi. Nashipae, aliyekuwa akiishi Kitengela kwa shangazi yake siku hizo ili asome, alikuwa na upepo mwembamba, wa haraka, uliofika kabla hujamwona akisogea. Tulilingana urefu, na karibu kila Jumamosi tuliwekwa pamoja. Alinishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda. Baadaye tulinunua mandazi, tukakaa juu ya ukuta wa mtaro tukizungusha miguu, naye akanionyesha nilipokosea.

"Unashusha mkono wa kushoto ukichoka," alikuwa akisema. "Hapo ndipo naingilia."

"Kwa nini unaniambia sasa? Si ukae nayo?"

"Nikae nayo nifanyie nini?"

Halafu ukaja ukame ule mrefu. Baba yake alihamisha ng'ombe, akapita Mashuuru akaenda mbele zaidi, na Nashipae akaitwa nyumbani kusaidia. Hakujua atarudi lini. Miezi miwili baadaye wazazi wangu walikuwa wakitoka harusini, na gari walilopanda likagongana na lori la mchanga karibu na Isinya. Sitaeleza siku hiyo. Niliifungua mara moja kwa mtu, na haikunisaidia.

Ninachotaka kueleza ni makaburini. Watu wa stoo walikuja wamevaa gi zao, wakasimama kwa mstari nyuma ya wanakwaya. Udongo ulipokwisha kurudishwa, wakati akina mama wanapanda maua, nilimwona Sensei amewakusanya kando ya uzio. Alizungumza kwa sauti ya chini. Kila mmoja alimwinamia kichwa, Onyango wa kwanza, Karanja wa mwisho akipangusa macho. Nilidhani wanatuombea. Nilijisikia mwenye bahati kidogo, mnisamehe kwa neno hilo, kwamba watu waliovaa meupe walikuwa wakituombea peke yao.

Nilirudi stoo baada ya wiki tatu, Njoroge na Mumbi wakinifuata kwa sababu hapakuwa na wa kuwaachia. Jumamosi ya kwanza nilipambana na Abdi nikamshinda. Nilishangaa, maana Abdi alikuwa mwepesi kama paka. Jumamosi ya pili nilimshinda Karanja. Mwezi haujaisha nilimgusa Onyango kifuani kwa teke, naye akaanguka chali, akajiinua kwa magoti na kusema, "Wee! Huyu ametoka wapi?" Njoroge aliruka juu ya magunia akipiga makofi. Mumbi akaruka pia, bila kujua ni kwa nini.

Ngumi zao hazikunifikia. Nilizitazama zikija, zinachelewa, zinakufa hewani. Nilipangusa uso nikaukuta haujapata upepo wowote. Na mimi, mtoto wa miaka kumi na tano aliyekosa kila kitu, nikafanya hesabu yangu: wao hawajapungua, kwa hiyo ni mimi niliyeongezeka. Nilidhani uchungu umeingia mikononi ukawa nguvu. Nilidhani baba na mama, huko walikokuwa, wamepewa ruhusa ya kunisukuma mgongoni. Nililiamini jambo hilo kabisa, usingeniondolea hata kwa moto.

Imani hiyo ndiyo iliyonitoa shule. Baba mdogo, ndugu wa baba, alikuja na pendekezo lake: Njoroge aende kwake Murang'a, Mumbi aende kwa shangazi Rongai, na mimi niende shule ya bweni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake sita. Lakini mama, asubuhi ile ya harusi, alikuwa ameniambia, "Kaa na watoto," akafunga mlango, na hakuna aliyekuwa amerudi kuniambia niache kukaa nao.

"Nitawalea mimi," nilisema.

"Na nini?"

Nilimweleza. Kila mwaka kulikuwa na mashindano Kajiado, na wazee wa timu moja ya askari walikuja kutazama. Msichana aliyewapendeza, akishafikisha umri, aliajiriwa. Mshahara, nyumba kwenye laini za askari, matibabu. Msimu huo walikuwa wametangaza kwamba wangechagua wasichana wawili na kuwaweka kambini tangu mapema kwa posho. Nilimwambia nimewashinda wote pale stoo. Akamwuliza Sensei mbele yangu kama ni kweli.

Sensei alitazama chini. "Ni kweli huwa anashinda," alisema.

Baba mdogo akasema sawa, nijaribu. Watoto watakaa hapa mpaka mashindano ya Kajiado. Nikichukuliwa, hatazungumza tena. Nisipochukuliwa, atakuja na pikapu. Tulishikana mikono kama wazee wanaouziana shamba. Wiki iliyofuata niliacha kidato cha pili, nikaanza kumenya viazi kwenye kibanda cha chipsi kuanzia alfajiri mpaka saa nane, na baada ya saa nane nilikuwa stoo au nikikimbia kwenye ile barabara ya vumbi ya kuelekea mtoni. Sijutii viazi. Najutia kwamba kila nilipochoka nilijiambia, Wairimu, wewe si mtu wa kawaida, na nikaongeza kilomita moja.

Nashipae alirudi yamebaki majuma matatu kabla ya Kajiado. Aliingia Jumamosi asubuhi akiwa amekonda, amechomwa na jua, ameshika gi yake ndani ya mfuko wa nailoni. Alinikumbatia akakaa hivyo hivyo, bila kusema pole, na nilishukuru maana pole zilikuwa zimenichosha. Alikuwa amepata lifti kwenye lori la mbuzi kutoka Bisil na alinuka hivyo. Mumbi alimwambia, "Unanuka mbuzi," naye akamjibu, "Na wewe unanuka mahindi. Tukutane sokoni." Mumbi alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Wakati najifunga vidole nilimwona Onyango na Abdi wamemvuta pembeni, karibu na mapipa ya molasi. Wanaongea chini chini. Wananitazama, wanamtazama. Nashipae anatikisa kichwa kukataa. Abdi anamshika bega kama mtu anayembembeleza. Nikajiambia, wanamwonya. Wanamweleza kwamba Wairimu uliyemwacha siye huyu. Nilijisikia joto la fahari kuanzia tumboni mpaka masikioni.

Sensei alituita katikati. Nashipae aliinama, nikainama. Alinitazama, akasema polepole ili nisikie mimi tu, "Inua mikono."

Nilitabasamu. Kwa mwaka mzima na zaidi sikuwa nimeinua mikono sawasawa. Niliinua ya nini? Nikashusha wa kushoto kidogo zaidi, kwa madaha.

Upepo ulinijia kwanza. Ule mwembamba. Kwa nusu ya kupepesa jicho nilifurahi, kama mtu anayesikia sauti ya mtu wake barabarani. Halafu ngumi yenyewe ikafika. Ilinipata juu ya mdomo. Nilirudi hatua mbili, sijaelewa. "Inua mikono, Wairimu," alisema, kwa sauti kubwa sasa, na ya pili ikanipata mbavuni, na teke likanichukua miguu yote miwili nikaanguka kwenye simiti tuliyoifagia asubuhi. Nilikuwa na damu mdomoni na kipande kidogo kigumu ambacho ulimi ulikigeuza mara kadhaa kabla sijajua ni jino langu.

Njoroge alipiga yowe. Mumbi akaanza kulia kwa sababu Njoroge amepiga yowe. Sensei aliingia katikati kwa hatua moja. Sikuwahi kumwona amekasirika vile.

"Hukuambiwa wewe? Hukuambiwa?"

"Niliambiwa, Sensei," Nashipae alisema. "Na wale wa Kajiado? Wataambiwa na nani?"

Nilisikia kila neno, na kila neno nikaliweka mahali pasipo pake. Nilidhani ni majivuno. Nilidhani ana wivu, kwamba amerudi kutoka kwenye ng'ombe akakuta nimempita na hakuweza kuvumilia, ndiyo maana akavunja sheria akanipiga kweli. Sikujiuliza ni kitu gani hasa alichoambiwa.

Stoo yetu ilikuwa na desturi ambayo sijaikuta klabu nyingine. Mtu akimwumiza mwenzake kwa kuvunja sheria, Sensei hakumwadhibu. Mkosaji alifungua mkanda wake, akaukunja mara mbili, akaulaza sakafuni mbele ya miguu ya aliyeumizwa. Aliyeumizwa akiuokota na kumrudishia mkononi, yamekwisha, hayazungumzwi tena. Akiuacha pale, mkosaji anainama mlangoni na kwenda, na huo ndio mwisho wake stoo. Niliwahi kuona Karanja akiulaza mkanda mbele ya Abdi baada ya kumvunja kidole. Abdi aliuokota kwa mkono mzima na kumwambia, "Chukua kitu chako, kinanuka." Hakuna mtu aliyewahi kuuacha. Hata sikudhani inawezekana.

Nashipae alifungua mkanda wake wa bluu. Aliukunja, akapiga magoti, akaulaza mbele yangu. Hakulia. Alinitazama usoni, na leo najua alikuwa akisubiri nielewe.

"Wairimu," Sensei alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Nilitema damu kando. Niliutazama ule mkanda. Nilimfikiria baba mdogo na pikapu yake, nikafikiri kama meno na mbavu zangu zingepona kwa majuma matatu, na nikamchukia mtu aliyezihatarisha kwa wivu wake. Nikageuka, nikaenda kukaa na watoto juu ya gunia.

Nashipae alikaa amepiga magoti kwa muda. Kisha akasimama. Mlangoni aliinama kwa magunia kama kawaida, chini kabisa, akatoka nje kwenye jua gi yake ikiwa wazi kifuani juu ya fulana, ikipigwapigwa na upepo wa uwanda. Hata mfuko wake wa nailoni aliusahau. Sensei aliuokota mkanda mwenyewe jioni, akauweka sijui wapi.

Mashindano ya Kajiado yalifanyika kwenye ukumbi wenye sakafu ya mbao, kitu ambacho sikuwahi kukikanyaga. Nilimpata msichana mfupi kutoka Loitokitok, mwenye mashavu ya mviringo, aliyekuwa akimeza mate kwa woga. Nilimhurumia. Refa aliposema tuanze, nilitembea kumwendea mikono iko kiunoni, na yule msichana mwoga akanipiga pointi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ngumi zake zote zilikuwa na upepo. Zote. Nilisimama katikati ya upepo huo nikishangaa mbona dunia imebadilika. Wazee wa timu walikuwa kwenye meza yenye kitambaa cha kijani. Mmoja alikuwa ameinua kalamu nilipoingia. Mchezo ulipokwisha alikuwa ameifunika na anaongea na mwenzake kuhusu chakula cha mchana.

Onyango ndiye aliyenifuata nje. Nilikuwa kwenye ngazi, naye akakaa ngazi ya chini yangu na kunipa chupa ya maji. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati huo, na alikuwa analia.

"Tulikatazwa," alisema. "Siku ya mazishi. Sensei alisema usiguswe. Alisema tukuache ushinde, angalau mahali pamoja. Tulidhani ni wiki mbili tatu, Wairimu. Halafu ukawa unafurahi sana. Nani angeanza?"

"Nashipae," nilisema.

"Ee," alisema. "Nashipae."

Nilimwuliza Sensei swali moja tu, jioni tuliporudi Kitengela. Baba mdogo alipokuuliza kama nawashinda, kwa nini hukumwambia? Alikuwa ameshika glavu zake za kuchomelea, anazikunja na kuzikunjua.

"Ningekuondolea na hiyo?" alisema. "Ulikuwa umeondolewa kila kitu."

Alinipenda. Sijawahi kulitilia shaka hilo, na ndilo linalofanya nisijue pa kuweka hasira yangu. Kama angekuwa mwizi ningemchukia nikamaliza. Walinipenda wote, wakanipigia makofi, wakaanguka chali mbele yangu kila Jumamosi, na huku nimeacha shule na kuweka watoto wawili rehani juu ya mikono ambayo haikuwa na kitu. Aliyenionyesha ukweli alifanya hivyo yamebaki majuma matatu. Majuma matatu ni mengi. Ningeweza kujifunza kuinua mikono. Ningeshindwa labda, lakini ningeshindwa nikiwa macho, au ningemfuata baba mdogo mapema na mpango mwingine. Alinipa majuma hayo, na mimi nikayaacha sakafuni.

Pikapu ilikuja Jumatatu. Njoroge alielewa, kwa hiyo alipanda nyuma akakaa juu ya godoro akinipa mgongo. Mumbi hakuelewa. Alidhani ni matembezi, akakataa nimfunge viatu, alitaka kujifunga mwenyewe kwa sababu anaenda Rongai. Alinipungia mkono kwa furaha mpaka kona. Njoroge alirudi baada ya miaka minne, mrefu, ananiita wewe. Mumbi hakurudi. Alilelewa vizuri, amesoma, ana kazi nzuri, na tukikutana Krismasi ananikaribisha chai kama mtu anayemkaribisha rafiki wa shangazi yake. Siku moja nilimwuliza kama anamkumbuka msichana aliyenuka mbuzi. Alifikiri kwa adabu. Akasema hapana.

Nilibaki stoo. Watu wanashangaa nikisema hivyo. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, nikasimama katikati, nikawaambia, "Kila mtu anipige." Walinipiga. Kwa mwaka mmoja nilikuwa na michubuko mpaka mteja wa chipsi akaniuliza kama nimeolewa na mlevi. Nilipata mkanda mweusi umri wa timu ya askari ukiwa umeshapita. Sensei alinifunga kiunoni, naye hakunitazama machoni, wala mimi.

Na nilimtafuta Nashipae. Nilisafiri Bisil siku ya soko, nikauliza kwa wauza mbuzi mpaka nikaonyeshwa mama yake, mwanamke mrefu mwenye shanga mpaka mabegani, amesimama na mbuzi wanne. Nilimsalimu kwa Kimaasai changu kibovu. "Takwenya, yeiyo." "Iko," alijibu, akacheka matamshi yangu. Nikamwuliza habari za Nashipae. Akaniambia ameolewa ng'ambo ya Namanga, ana mtoto, huja mara chache.

"Alikuwa anapenda ile michezo ya ngumi ya Kitengela," alisema. "Nilimkataza. Siku moja alirudi hapa akasema amempiga rafiki yake, yatima, akamtoa jino. Nilimchapa. Baba yake akamchapa. Mtoto gani anampiga yatima? Tukasema hatarudi huko, wala shule ya huko, aolewe. Hakujitetea hata." Akanitazama. "Wewe ulimjua? Ni nani wako?"

Ulimi wangu ulikuwa kwenye pengo la lile jino. Kama angetazama vizuri angeliona.

"Mimi ni mteja," nilisema. "Hawa mbuzi ni bei gani?"

Ndivyo nilivyoanza biashara ya supu. Nilirudi Kitengela na mbuzi ambaye sikumhitaji, nikamchinjisha, nikauza supu kwa sababu sikujua la kumfanyia. Sasa nina kibanda na wafanyakazi wawili. Karibu kila siku ya soko niko Bisil, na huwa nanunua kwa mama Nashipae kwanza. Bei yake sibishani nayo. Yeye anadhani mimi ni mtu mwenye roho nzuri, huwa ananiwekea maziwa kwenye kibuyu, ananiita binti yangu mbele ya watu. Miaka yote hiyo sijamwambia kwamba mtoto wake alikuwa na haki. Maneno yenyewe si mengi. Ninayo, nimeyapanga, nimeyasema peke yangu kwenye gari nikienda, na nikirudi nakuwa na mbuzi.

Wiki iliyopita alinipokea akiwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Alinishika mikono yote miwili.

"Amekuja," alisema. "Nashipae wangu. Amekuja na watoto, atakaa mpaka mwisho wa mwezi. Nimemwambia kuna mteja wangu wa Kitengela aliyewahi kumwulizia. Anataka kukuona. Boma si mbali, ni hapo tu nyuma ya vile vilima. Twende?"

Nilisema nitarudi kesho yake, kwamba mbuzi wananisubiri kwenye gari na jua ni kali. Leo ni siku ya sita. Mwezi unaisha Ijumaa.